Kipande cha Katikati

Kidoti aliacha kucheua asubuhi, wakati maji ya chai yalikuwa bado hayajachemka, na nyumba ile haikutulia tena siku nzima.

Mama Pacha ndiye aliyegundua. Alikwenda bandani na ndoo ya kukamulia akamkuta ng'ombe ameinamisha kichwa, udenda unamtoka uzi mrefu, miguu ya mbele inatetemeka. Akamwita jina. Akampiga kile kibao kidogo cha mgongoni, cha mazoea. Kidoti alipiga hatua moja ya kando, kisha akakaa chini vibaya, kama mtu aliyekosa kiti.

"Baba Pacha," Mama Pacha aliita. "Njoo. Acha hicho kiatu, njoo."

Mumewe, Fundi, ambaye mtaa mzima unamjua kwa kuezeka mabati na kwa kuchelewa, safari hii hakuchelewa. Alikuja mguu peku. Nyuma yake alikuja mama yake, Bibi, na fimbo ambayo huitumia zaidi kuonyeshea watu kuliko kutembelea. Mwisho akaja dada yake, Msusi, nusu ya kichwa chake imesukwa na nusu imesimama. Msusi alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde, kwa mshonaji wa nguo, na alikuwa amerudi kwao kwa kitu ambacho Bibi alikiita kupumzika. Alikuwa amepumzika miezi. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa, wakasema, wakanywa chai, na sasa ilikuwa imekubaliwa kwamba Jumamosi anarudi kwake. Sanduku lilikuwa tayari nyuma ya mlango.

Daktari wa mifugo alikuwa mbali, kwa hiyo alitibu kwa simu.

"Anakula nini huyo?"

"Nyasi kavu," alisema Fundi. "Za kule juu, kinamasini."

"Mlichambua kabla ya kukata?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama ng'ombe. Msusi alijitia kufunga nywele.

"Tulichambua, daktari."

"Una uhakika?"

"Wanawake walipanda wote wawili, daktari. Siku nzima."

"Haya. Mwondoleeni hizo nyasi, mpeni maji, msimlazimishe kusimama. Nami natafuta usafiri."

Sote tunajua maana ya daktari kutafuta usafiri. Kabla hajaupata, Kidoti alinyoosha shingo juu ya samadi yake mwenyewe, akafa, na ndama tumboni. Alikuwa ndiye ng'ombe pekee wa maziwa nyumbani pale. Kulikuwa na mtamba mmoja aliyebaki, na juu ya dari ya banda kulikuwa na nyasi za kumlisha mpaka baridi ipite, zimepangwa vizuri, zinanukia.

* * *

Hapa inabidi nieleze, maana si kila mtu amelelewa karibu na mlima. Juu kabisa, mahali ambapo baridi haina adabu hata saa sita mchana, kuna kinamasi chenye nyasi laini kuliko popote. Katikati ya nyasi hizo huota ua refu, jeupe, lenye kijani kwa ndani, na majani mapana yenye mikunjo iliyonyooka kama sketi ya shule. Watu huliita shikamoo, kwa sababu unaliamkia kwa mbali na kupita zako. Halifi. Baridi ikija linajificha kwenye mzizi, na mwaka unaofuata linasimama palepale.

Likiwa bichi ng'ombe halitaki, linamchoma ulimi. Likikauka ukali unaondoka, sumu inabaki. Ng'ombe analitafuna kama nyasi nyingine yoyote. Ndiyo maana kabla mwanamume hajashika fyekeo, wanawake wa nyumba hupanda kinamasini na vitambaa mikononi, wakang'oa shina moja moja pamoja na mzizi wake. Ni kazi ya mgongo na matope, na hakuna anayeipenda.

Fundi alipanda darini. Akashusha nyasi kwa uma, mafungu kwa mafungu, akazitawanya uani. Yeye, mkewe na dada yake wakainama. Haikuchukua muda. Msusi, ambaye vidole vyake vimezoea kutenganisha unywele na unywele, ndiye aliyevuta la kwanza: jani lililokauka, rangi ya chai, mikunjo yake ipo vilevile. Kisha Mama Pacha akavuta shina. Kisha Fundi akavuta shina lenye kichwa chake cha maua. Yalikuwa kila mahali.

"Mlichambua," alisema Fundi. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mimi nilichambua sehemu yangu," alisema Mama Pacha.

"Hata mimi nilichambua yangu," alisema Msusi.

"Basi nani amepanda haya? Mimi?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Akanyoosha fimbo. "Wewe, Mama Pacha. Ulianzia juu. Uliishia wapi?"

"Kwenye jiwe kubwa, mama."

Fimbo ikahama. "Na wewe? Ulianzia chini."

"Mferejini."

"Na kutoka mferejini mpaka kwenye jiwe?"

Kutoka mferejini mpaka kwenye jiwe kuna kipande kinachotosha kujengwa nyumba na ua wake, na ndicho chenye majimaji zaidi, na ndipo shikamoo linapopenda.

Nitasema kwa niaba yao, maana wao walishindwa. Mawifi hawa walikuwa hawasemezani. Chanzo kilikuwa beseni. Msusi aliosha nywele za mteja katika beseni la Mama Pacha la kuoshea mboga, na Mama Pacha akaukuta unywele kwenye sahani ya mumewe. Maneno yakatoka: mmoja aliambiwa nyumba hii si saluni, mwingine akaambiwa nyumba hii si yako uliikuta. Tangu hapo walizungumza kupitia kwa Bibi, hata wakiwa mkeka mmoja. "Mama, mwulize mwanao chumvi iko wapi." "Mama, mwambie mkweo iko mbele ya macho yake." Bibi alichoka kuwa simu ya mezani. Siku ya kuchambua akawaambia mmoja aanzie juu, mwingine aanzie chini, mkutane katikati, na pengine mkikutana mtapatana.

Wakaanza vizuri. Lakini kadiri walivyosogeleana ndivyo walivyopunguza mwendo, na mwisho kila mmoja akaona bora akomee pale alipo kuliko kuinua uso na kumkuta mwenzake mbele. Kila mmoja alijiambia: atamalizia yeye, kwani mimi punda? Wakashuka kwa njia mbili tofauti. Fundi akaja na fyekeo lake akakata chote. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Kwa Bibi walipigana mawifi wawili, na nyasi ndizo zilizolipiza.

"Kwa ajili ya beseni," alisema Fundi, akakaa chini palepale juu ya nyasi. "Mungu wangu. Beseni."

Mama Pacha alianza kulia. Msusi hakulia. Alikuwa amesimama, ameshika lile jani.

"Kaka," alisema. "Mzigo."

* * *

Mzigo ulikuwa umekwenda mapema wiki ile. Wazee walipokubaliana, Bibi alisema mwanangu harudi mikono mitupu kama mtu aliyefukuzwa mahali pawili. Kule ng'ambo ya bonde nyasi zilikuwa zimeungua kwa baridi. Basi Fundi alifunga mafurushi mawili makubwa ya nyasi za kinamasini, akayafunga kwa kamba mpya na yale mafundo yake ya kuezekea, ambayo hata yeye mwenyewe huyafungua kwa kutukana, akayapeleka kwa mkokoteni mpaka mlangoni kwa mama mkwe wa dada yake. Wakwe walikuwa na ng'ombe watatu.

"Labda yale mafurushi hayana," alisema Bibi.

"Mama, mimi nilizianika pamoja. Nilizigeuza na kuzichanganya. Nyasi haijui imetoka wapi."

Msusi alikuwa ameshapiga simu. Ya mumewe iliita mpaka ikachoka. Tangu ugomvi wao uanze, Mshonaji alikuwa hapokei simu yake. Mambo yote yalipita kwa wazee, na hata hiyo Jumamosi alitumiwa salamu tu: mwambieni aje. Akapiga tena. Akaandika ujumbe. Akazunguka ua, akarudi, akautazama ujumbe, akazunguka tena.

"Keti, unanitia kizunguzungu," alisema Bibi.

"Nitaketije, mama?"

"Sikiliza. Kama yangekuwa yamewapata tungeshasikia. Habari mbaya haina mguu mfupi. Subiri mpaka kesho."

"Ng'ombe wa watu wafe kesho?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini, mama?"

Bibi aligeuza fimbo mkononi. Alikuwa anaona haya, na kwa sababu alikuwa anaona haya akawa mkali. "Nimesema ukienda kwa mama yule ukamwambia ulimletea sumu, Jumamosi imekwisha. Umenielewa? Wazee wamejidhalilisha kwa ajili yako. Mimi nimejidhalilisha. Nimekaa kwenye kiti cha yule mwanamke nikaambiwa mwanangu ana mdomo, nikasema ndiyo, ana mdomo, tusameheane. Unajua ilivyoniuma? Ukifika leo na maneno haya, atasema alijua. Atasema mlitaka kuniulia ng'ombe. Na mumeo atafanya nini? Ataendelea kushona."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na Msusi alilijua. Aliitaka Jumamosi. Niseme wazi: aliitaka kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Alikuwa amechoka kusuka wateja kwenye kiti cha kuazima, kulala chumba kimoja na mama yake, kuulizwa na kila anayemsuka habari za shemeji. Alikuwa na chumba chake kule, dirisha lake, na mwanamume ambaye zamani alikuwa anamshonea nguo kwa macho tu, bila kumpima. Akifika kule na habari hii, vyote hivyo vinakwenda. Akikaa, pengine vinabaki.

"Yule ng'ombe wao mwekundu nilimzalisha mimi," alisema taratibu. "Ndama alikuja vibaya, nikaingiza mkono mpaka hapa. Mama mkwe alishika taa."

Hapo Mama Pacha akafuta uso kwa ncha ya kanga. Akaongea na wifi yake moja kwa moja, bila kumpitia mtu. "Vaa viatu, wifi. Naenda na wewe."

"Wewe ukafanye nini?"

"Ukifika na maneno ya kipande, mtu atauliza kipande cha nani. Nusu ni changu."

Bibi alifungua mdomo. Mama Pacha akasema, kwa heshima zote, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, mama, na sisi kifo chetu kimelala pale bandani miguu juu. Bibi akaufunga.

* * *

Njia ya mkato ya kushuka bondeni ni ya kwenda mmoja mmoja, kwa hiyo walisemezana kwa visogo. Msusi alikuwa mbele, anakwenda nusu mbio, anapiga simu, anaiweka kifuani, anapiga tena.

"Utaanguka," alisema Mama Pacha.

"Nianguke."

"Ukivunjika mguu nitakubeba mimi, na wewe si mwepesi."

Msusi hakucheka, lakini alipunguza mwendo. Baadaye akasema bila kugeuka: "Nilikuona, siku ile. Ulisimama kwenye jiwe unajikung'uta."

"Na mimi nilikuona. Ulikuwa unaosha miguu mferejini, umeimaliza kazi kabisa kwa mikogo yako."

"Nilikuwa nasubiri useme kitu."

"Nilikuwa nasubiri wewe. Wewe ndiye mdogo."

"Wewe ndiye mwenye nyumba."

Mama Pacha alikuwa anafikiri juu ya Kidoti, kwamba maziwa yake ndiyo yaliyowakuza watoto wake pacha, na kwamba kesho ataamka na ndoo na hatakuwa na pa kwenda. Msusi hakuwa anafikiri chochote. Alikuwa anaomba. Alimwomba Mungu ng'ombe wawe wazima, kisha akamwomba ile Jumamosi, kisha akaona aibu kuomba vyote viwili kwa pumzi moja, akaomba ng'ombe tu. Baada ya hatua chache akarudia vyote viwili.

Walipoanza kupanda upande wa pili walikutana na mwanamke wa jirani na wakwe, amebeba maji. Msusi alimwuliza kabla ya salamu: huko kwema? Kwema, alisema yule mwanamke, akamtazama nywele nusu na nusu, kisha akamtazama tena.

* * *

Mama mkwe alikuwa barazani, anachagua mchele kwenye ungo. Nyuma yake mlango wa chumba cha kazi ulikuwa wazi, na Mshonaji alionekana mgongo, amejiinamia juu ya cherehani, futi imemning'inia shingoni. Cherehani ilinyamaza walipobisha hodi. Mwenyewe hakutoka.

"Shikamoo, mama," alisema Msusi, akipiga magoti yote mawili.

"Marahaba. Leo si Jumamosi."

"Si Jumamosi, mama. Mama, ng'ombe hawajambo?"

Ungo ulisimama. "Swali gani hilo?"

Msusi alisema yote, kwa haraka, magoti bado chini. Alisema ng'ombe wetu amekufa asubuhi. Alisema nyasi zina shikamoo. Alisema ni uzembe wangu mimi. Mama Pacha akaingilia: ni uzembe wetu, mama, mimi na yeye, hatukuwa tunasemezana. Jambo lile, likisemwa kwa sauti mbele ya mtu mwingine, lilisikika la kitoto kabisa, na Mama Pacha alitamani baraza lipasuke.

Mama mkwe aliwatazama mmoja, kisha mwingine. Akaweka ungo chini. Akawaongoza nyuma ya nyumba, bila haraka, na Msusi alikuwa anamkanyaga visigino.

Ng'ombe watatu walikuwa wamesimama bandani. Yule mwekundu aligeuza kichwa, anacheua. Wote walikuwa wanacheua. Msusi aliingia moja kwa moja, akaweka kiganja kwenye pua ya yule mwekundu, akapitisha kidole chini ya mdomo kutafuta udenda, hakuuona, akakiegemeza kipaji cha uso wake shingoni mwa ng'ombe.

"Ashukuriwe Mungu," alisema. "Mama, ashukuriwe Mungu. Bado hamjawapa."

"Hatukuwapa," alisema mama mkwe.

Mafurushi yalikuwa pembeni, chini ya ukingo wa paa, pale hasa Fundi alipoyashusha. Kuku mmoja alikuwa ametagia juu ya moja. Kamba zilikuwa zilezile. Mama Pacha aliyaona mafundo ya mumewe hayajaguswa, na kwa kuwa yeye hakuwa na ndoa ya kuokoa, ndiye aliyeelewa kwanza. Alitazama jinsi ng'ombe wale walivyokuwa wamekonda. Akatazama hori lao: maganda ya viazi na majani makavu ya mahindi. Nyasi nzuri zilikuwa hatua tatu tu, siku zote hizo.

"Mlikuwa mnayaweka, mama?" Msusi aliuliza. Alikuwa bado anatabasamu. "Kwa siku nikija?"

Mama mkwe alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mwongo. "Mtu akifungua zawadi ameshakubali," alisema. "Mimi sikuwa nimekubali. Wazee walisema Jumamosi. Mimi nilisema ndiyo ili waondoke, wamalize chai yao. Jumamosi ungekuta mafurushi yako mlangoni, ukaelewa mwenyewe, ukarudi nayo. Niliona hiyo ni heshima kuliko maneno."

Msusi hakuondoa mkono kwenye ng'ombe. Mshonaji alikuwa amefika, amesimama kwenye kona ya nyumba, anavingirisha futi kidoleni na kuikunjua.

"Ulijua?" Msusi alimwuliza.

"Ningekupigia."

"Nimekupigia leo mpaka simu yangu imeisha chaji."

"Nilikuwa na kazi ya watu," alisema Mshonaji. Ilikuwa kweli pia. Ilikuwa sare ya harusi. "Ningekupigia Ijumaa."

Mama Pacha alimwona wifi yake akivuta pumzi, akajua yanakuja, ule mdomo wote ambao Bibi aliuombea msamaha. Hayakuja. Msusi alikuwa analia, ameegemea ng'ombe mzima, na kilichomchanganya ni kwamba furaha ilikuwamo ndani yake bado, haikuwa imeondoka. Ng'ombe walikuwa hai. Walikuwa hai kwa sababu hakuna mtu katika nyumba ile aliyemtaka. Alijaribu kulichukia jambo hilo na hakuweza kulichukia lote.

Alinyoosha mkono juu ya furushi, akatoa yai la kuku taratibu, akampa mama mkwe mkononi. Kisha akainama kuvuta furushi la kwanza. Mama Pacha akashika la pili.

"Wifi, tusaidiane. Hili zito."

"Acheni hapo," alisema mama mkwe. "Mwanangu atayachoma."

"Hapana, mama," alisema Msusi. "Mkiyaacha, mtoto wa mtu atampa mbuzi. Tutayachoma wenyewe, mbali."

Mama mkwe alisimama na yai lake. Alikuwa anamtazama huyu mwanamke wa nywele nusu aliyetembea bonde zima kuja kujiharibia, na kitu fulani kilikuwa kinahangaika usoni mwake, hakipati pa kukaa. Alimtazama mwanawe. Mwanawe alitazama futi.

"Ulijua kwamba ukija kusema haya hutarudi," alisema mama mkwe.

"Nilijua, mama."

"Na ukaja."

"Ng'ombe hawana kosa."

Yule mama akahamisha yai mkono wa pili. "Basi njoo," alisema, na ilimgharimu. "Hiyo Jumamosi. Njoo na sanduku lako. Mimi nimesema, na huyu atasema nilivyosema."

Mshonaji alitikisa kichwa kukubali. Alionekana mwenye nafuu kubwa, mtu aliyefanyiwa kazi yake na mwingine.

Msusi alimtazama muda mrefu kidogo, yule aliyekuwa anamshonea kwa macho. Kisha akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, kama alivyofika, akainuka, akajitwisha furushi.

"Ahsante, mama. Jumamosi nina kazi," alisema. "Mimi na wifi tunapanda kinamasini, kumalizia kipande chetu."